Dakika Arobaini Baada ya Saa Sita Usiku: Maombi ya Uzamili Yanapochelewa

Mfikirie daktari wa hospitali ya wilaya iliyo mbali na Dar es Salaam. Amehitimu shahada ya kwanza, amepitia mwaka wa mafunzo kwa vitendo, amefanya kazi miaka minne katika wodi ya wazazi, na sasa anataka kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Dirisha la maombi linafungwa usiku huu, saa 5:59. Fomu imejazwa, vyeti vimepakiwa, ada imelipwa kwa simu. Kilichobaki ni barua ya ruhusa ya mwajiri, iliyotiwa saini jioni hiyo hiyo baada ya kukaa wiki tatu ikipita meza moja hadi nyingine. Saa tatu usiku analetwa mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungulia njiani. Daktari anaiacha simu mezani na kwenda alikoitwa. Anaporejea, mama akiwa ametoka hatarini, saa ya ukutani inaonyesha saa 6:40. Anafungua ukurasa wa maombi na kukuta maneno machache: dirisha limefungwa.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hakuna kipande chake ambacho ni kigeni kwa watumishi wa afya. Asubuhi yake, wenzake watampa majibu mawili. Wa kwanza atasema kwamba sheria ni sheria, asubiri mwakani. Wa pili atamshauri ampigie simu mtu fulani anayefahamiana na mtu fulani ndani ya chuo. Majibu hayo yanaonekana kupingana, lakini yana asili moja: yote mawili yanatolewa mahali ambapo hakuna kanuni iliyoandikwa kuhusu kuchelewa kidogo. Pasipo kanuni, anayechelewa hukutana ama na ukuta ama na mlango wa nyuma.

Hoja inayotetewa hapa ni rahisi. Kuchelewa kidogo si kosa la kumfutia mtu mwaka mzima wa maisha yake bila hata kumsikiliza, na pia si jambo la kufumbiwa macho kwa siri. Ni tukio linalotazamiwa, nalo huhitaji mambo mawili: utaratibu uliotangazwa kabla ya tarehe ya mwisho, na ukweli mtupu kutoka kwa aliyechelewa. Taaluma ya afya ina mifano ya mambo hayo yote mawili wodini mwake. Ajabu ni kwamba haijayavusha kutoka wodini hadi ofisi ya udahili.

Muda wa mwisho humlinda nani

Kabla ya kumtetea aliyechelewa, yafaa kuutendea haki muda wa mwisho wenyewe. Nafasi za kusomea ubingwa si nyingi, wala uchache huo haukuwekwa kwa choyo. Kila mwanafunzi wa udaktari bingwa anahitaji bingwa wa kumsimamia, wagonjwa wa kujifunza kwao chini ya uangalizi, na zamu katika hospitali ya rufaa. Kamati ya udahili lazima ihakiki vyeti, ithibitishe usajili wa mwombaji katika baraza la taaluma yake, isome barua za wadhamini na kulinganisha waombaji. Kazi hiyo haiwezi kuanza ikiwa orodha ya majina inaendelea kuongezeka kila siku.

Tena muda wa mwisho ni rafiki wa mnyonge. Mwombaji asiye na ndugu katika ofisi yoyote ana kinga moja tu, nayo ni kwamba tarehe ni moja kwa wote. Mlango ukifungwa kwa wote, yeye na mtoto wa mkubwa wako sawa. Mlango ukifunguliwa tena kimyakimya, hautafunguliwa kwa ajili yake, kwa kuwa hana namba ya simu ya kupiga. Ofisa udahili naye anaukingia mgongo muda huo anaposhinikizwa na watu wenye vyeo kuliko yeye. Kwa hiyo anayedai kwamba muda wa mwisho ulegezwe kwa huruma tu, pengine bila kujua, anadai jambo litakalowanufaisha wasiohitaji huruma.

Vilevile, wapo waliowahi. Yupo muuguzi aliyebadilishana zamu mara tatu, akasafiri kwa basi hadi makao makuu ya mkoa ili apate mtandao wa uhakika, akakamilisha maombi siku nne kabla. Muda unapoongezwa ghafla saa chache kabla ya kufungwa, muuguzi huyo hujifunza kwamba juhudi yake haikuwa na maana. Mwaka unaofuata hatahangaika. Ndivyo desturi ya kuchelewa inavyojengwa, si kwa uvivu wa waombaji peke yao, bali kwa taasisi zinazowafundisha kwamba tarehe ya kwanza si tarehe ya kweli. Kwa upande wa shahada ya kwanza, waombaji nchini Tanzania wamezoea kusikia awamu ya kwanza ya udahili, ya pili na hata ya tatu. Si ajabu kwamba baadhi yao wanapofikia uzamili hubaki na dhana kwamba awamu nyingine itakuja, hata pale ambapo haipo.

Saa ya mwili na saa ya utaratibu

Tiba inajua aina mbili za muda wa mwisho. Aina ya kwanza imewekwa na mwili. Mtu aliyechomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa mwenye VVU anapaswa kuanza dawa za kinga mapema iwezekanavyo, na si baada ya saa 72. Baada ya hapo dawa hizo hazitolewi kwa kusudi hilo, kwa sababu virusi havisikilizi maombi. Hakuna barua ya mwajiri, udhuru wala cheo kinachorudisha saa hizo nyuma.

Aina ya pili imewekwa na watu kwa ajili ya utaratibu mwema, ingawa sababu zake ni nzito. Ratiba ya chanjo za watoto ni mfano wake. Mama aliyekosa tarehe ya chanjo ya pili ya mwanawe, kwa msiba au kwa mvua iliyokata barabara, haambiwi arudi nyumbani, wala mtoto haanzishwi upya. Kwa chanjo nyingi za utotoni dozi inayofuata hutolewa siku mtoto anapoletwa, na tarehe halisi huandikwa katika kadi. Muuguzi humweleza mama hatari ya kuchelewa bila kumdhalilisha, maana anajua kwamba mama aliyedhalilishwa leo hatarudi kesho.

Mfano ulio karibu zaidi ni chati ya uchungu, yaani patografu, iliyotumika katika wodi za wazazi kwa miongo mingi. Katika chati ile mlikuwa na mistari miwili: mstari wa tahadhari na, saa nne kulia kwake, mstari wa hatua. Mama ambaye uchungu wake umevuka mstari wa kwanza hakuhesabiwa kuwa ameshindwa, wala hakuachwa kana kwamba hakuna lililotokea. Alichunguzwa upya, na ikiwa yuko zahanati, safari ya kwenda hospitali ilianza kupangwa. Akifikia mstari wa pili, uamuzi ulipaswa kufanyika. Nafasi iliyo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo jibu la tiba kwa swali la kuchelewa kidogo. Ni nafasi yenye mipaka, inayojulikana na kila mkunga kabla mama hajafika, na iliyo sawa kwa mke wa mkulima na mke wa mkurugenzi. Hata mistari yenyewe haikuchukuliwa kuwa amri isiyoguswa. Ushahidi ulipoonyesha kwamba si kila uchungu salama huenda kwa kasi moja, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu usiotegemea tena mistari ile.

Muda wa mwisho wa maombi ya uzamili ni wa aina ya pili. Umewekwa na watu, kwa sababu njema. Swali linalopaswa kuulizwa, basi, ni kuchelewa huko kunaharibu nini. Ikiwa kamati inakutana wiki mbili baadaye, maombi yaliyoingia dakika 41 baada ya muda hayamdhuru mtu yeyote. Ikiwa majina yamekwisha kuchaguliwa, kuyapokea ni kumnyang'anya mtu nafasi aliyoipata kwa haki. Kati ya hali hizo mbili ndipo kanuni inapohitajika.

Wanaochelewa ni akina nani

Ni kweli kwamba wapo wanaochelewa kwa uzembe. Ukweli mwingine ni kwamba vikwazo havikugawanywa sawa. Daktari aliye katika hospitali ya rufaa jijini ana mtandao ofisini, na wadhamini wake wa kitaaluma anakutana nao ukumbini. Daktari aliye wilayani pembezoni hutegemea simu yake, umeme usiokatika, na mhadhiri wa zamani ambaye hawajaonana kwa miaka minne. Barua ya mtumishi wa umma huanzia kwa mganga mfawidhi, hupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kufika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na kila meza ina safari zake na vikao vyake. Transkripti huombwa chuoni alikosoma. Kumbukumbu namba ya malipo inaweza kuchelewa kutambuliwa na mfumo. Zaidi ya hayo, usiku wa mwisho mfumo wenyewe huelemewa, kwa sababu kila mtu ameungoja usiku huo huo.

Kanuni inayohesabu dakika bila kutazama chochote kingine huchuja waombaji kwa kigezo ambacho hakikukusudiwa, yaani umbali wao kutoka mjini. Athari zake humfikia mgonjwa. Mtumishi aliyeishi na kufanya kazi pembezoni anayajua mazingira yale na ana sababu zaidi ya kurejea huko akiwa bingwa. Kumpoteza yeye kwa dakika 41 kunaweza kumaanisha kuipotezea wilaya bingwa.

Hata hivyo haki inadai kutazama pande zote. Yule daktari wa mwanzo wa makala haya hakucheleweshwa na mama aliyetokwa damu peke yake. Dirisha lilikuwa wazi kwa wiki nyingi. Barua ya ruhusa aliiomba wiki tatu tu kabla ya mwisho, akijua jinsi meza zilivyo. Dharura ya usiku mmoja ilikuwa pingili ya mwisho ya mnyororo, na pingili nyingine kadhaa zilikuwa mikononi mwake. Wahenga walisema kawia ufike, na hao hao wakasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Methali hizo hazipingani. Ya kwanza humfariji aliye safarini tayari, ya pili humwonya ambaye hajaondoka.

Saa sita ya wapi?

Uko uchelewaji ambao si wa uzembe wala wa dharura, bali wa lugha na saa. Mzungumzaji wa Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo, na mfumo wa kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane. Tangazo linalosema kwamba maombi yatafungwa tarehe 30 saa 6:00 usiku lina maana mbili: huenda ni usiku unaoanza tarehe 30, huenda ni usiku unaoimaliza. Aidha kwa watu wengi wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya ofisi huuita Alhamisi usiku. Watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulisoma tangazo moja wakapata siku mbili tofauti.

Anayeomba kusoma ng'ambo ana mtego mwingine. Saa za Afrika Mashariki hazibadiliki mwaka mzima, lakini saa za Uingereza husogezwa mbele mwezi Machi na kurudishwa nyuma mwezi Oktoba. Maombi yanayofungwa London saa 5:59 usiku mwezi Desemba hufungwa Dar es Salaam saa 8:59 usiku, na yakifungwa mwezi Juni ni saa 7:59 usiku. Chuo Kikuu cha Oxford hufunga maombi yake ya uzamili saa sita mchana, si usiku, kwa saa za Uingereza. Mwombaji aliyeko Tanzania mwezi Januari akidhani anayo siku nzima, atakuta muda umekwisha saa tisa alasiri. Kwa New York hali ni kinyume, kwani saa 5:59 usiku ya huko mwezi Desemba ni saa 1:59 asubuhi ya siku inayofuata Tanzania. Mwombaji mwenye busara huandika saa ya nyumbani kwake kwenye karatasi na kuibandika anapoiona kila siku, kisha hujiwekea muda wake binafsi wa mwisho wiki moja kabla ya ule wa chuo.

Ukweli wa tarehe

Lililo zito kuliko yote si kuchelewa, bali linalofanywa baada ya kuchelewa. Mtumishi wa afya aliyekosa muda ana vishawishi ambavyo mwombaji wa fani nyingine hana. Mwenzake mmoja anaweza kumwandikia cheti cha kupumzishwa kwa ugonjwa chenye tarehe ya jana. Mwingine ana ufunguo wa sanduku lenye mhuri. Ni jambo dogo, watasema, na ni kwa ajili ya masomo.

Si jambo dogo. Kila muuguzi na kila daktari amefundishwa namna ya kuandika maelezo yaliyochelewa katika faili la mgonjwa. Ikiwa dawa ilitolewa saa nne na maelezo hayakuandikwa hadi saa nane, mwandikaji huandika kwamba maelezo haya yamechelewa, huweka saa anayoandika, hutaja saa ambayo tukio lilitokea, kisha hutia saini. Hapenyezi mstari kati ya mistari ya awali, wala harudishi tarehe nyuma. Sababu yake ni kwamba faili ambalo tarehe zake haziaminiki humdhuru mgonjwa kuliko faili lenye pengo. Anayejua kanuni hiyo wodini kisha akaisahau mbele ya ofisi ya udahili anaomba kuaminiwa na maisha ya watu kwa karatasi isiyoaminika. Naye anayemwandikia cheti cha uongo huweka usajili wake mwenyewe hatarini.

Mwombaji aliyechelewa na ayatendee maombi yake kama maelezo yaliyochelewa ya faili. Ikiwa mfumo bado unapokea, akamilishe mara moja bila kusubiri asubuhi. Ikiwa umefungwa, aandike usiku huo huo kwa anwani rasmi ya ofisi ya udahili, si kwa simu ya mtu binafsi, na ahifadhi picha ya kioo cha simu inayoonyesha saa. Barua iwe fupi: jina na namba ya maombi, saa aliyokuwa tayari kuwasilisha, muda aliochelewa, sababu kwa sentensi mbili, nyaraka zilizokuwa zimekamilika, na ombi lenyewe. Kwa daktari wa mfano ule ingetosha kuandika hivi:

“Nilikuwa tayari kuwasilisha maombi yangu saa 6:40 usiku, dakika 41 baada ya muda uliotangazwa. Barua ya ruhusa ya mwajiri niliipata jioni ya siku ya mwisho, kisha nikaitwa wodini kwa dharura nikiwa zamu. Nakiri kwamba niliiomba barua hiyo kwa kuchelewa. Mganga mfawidhi anaweza kuthibitisha zamu yangu. Naomba maombi yangu yafikiriwe ikiwa utaratibu unaruhusu, na nitaheshimu uamuzi wowote.”

Katika barua hiyo hakuna jina la mama wala namba ya faili lake, na haitakiwi kuwamo. Siri ya mgonjwa haitolewi kuwa kielelezo cha udhuru wa tabibu. Orodha ya zamu inatosha. Pia hakuna kilio wala kutaja majina ya wakubwa. Jibu likiwa hapana, mwaka hautakuwa umepotea wote. Nyaraka zipo, wadhamini wamekwisha kupatikana, na miezi kumi na miwili ya kazi katika fani anayoitaka itaonekana katika maombi yajayo.

Linalopaswa kufanywa na vyuo

Mzigo wa pili ni wa taasisi. Vyuo vya afya vinaweza kufanya mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya au sheria ya Bunge.

La kwanza ni kutangaza muda usio na utata: siku, tarehe, saa kwa Kiswahili na kwa hesabu ya saa 24, na kutaja kuwa ni saa za Afrika Mashariki. Bora zaidi, dirisha lifungwe saa 10:00 alasiri ya siku ya kazi, wakati ambapo kuna mtu ofisini wa kupokea simu mfumo ukikwama.

La pili ni kutenganisha kilicho mikononi mwa mwombaji na kilicho mikononi mwa wengine. Fomu, vyeti na malipo viwasilishwe ndani ya muda. Barua ya mwajiri na barua za wadhamini zipewe siku kumi na nne za nyongeza, maadamu mwombaji ameonyesha kwamba aliziomba kabla ya tarehe ya mwisho. Hatua hii peke yake ingemwokoa yule daktari bila kuhitaji huruma ya mtu yeyote.

La tatu ni kuweka mstari wa pili, kwa mfano wa saa 48, unaotangazwa pamoja na ule wa kwanza. Anayewasilisha kati ya mistari hiyo hupokewa, lakini hufikiriwa baada ya waliowahi, kwa nafasi zitakazobaki. Asitozwe faini, kwa kuwa faini humwumiza mwenye mshahara mdogo na kuwa nauli tu kwa mwenye nacho. Itasemwa kwamba watu wote watauhamia mstari wa pili na kuufanya wa kwanza. Hilo lingetokea ikiwa kuuvuka mstari wa kwanza hakungekuwa na gharama. Hapa gharama ipo, nayo ni kupoteza nafasi ya mbele katika foleni, na mwenye akili hataichagua kwa hiari.

La nne ni kuufanya mstari wa pili uwe wa mwisho kwa kila mtu, na kila ombi lililochelewa liandikwe katika daftari pamoja na uamuzi wake na sababu. Ofisa atakayepigiwa simu usiku atakuwa na jibu la kumwonyesha mkubwa wake. Nao waombaji watajua kwamba aliyekataliwa na aliyekubaliwa walipimwa kwa kipimo kimoja.

Waajiri nao wana sehemu yao. Halmashauri inayolalamikia upungufu wa mabingwa, huku barua ya ruhusa ikilala mezani wiki tatu, inachangia upungufu inaoulalamikia. Si vigumu kwa mwajiri kupanga kwamba maombi ya ruhusa ya masomo yajibiwe ndani ya siku saba, ama kwa kukubali ama kwa kukataa.

Yanamhusu mgonjwa vipi

Mgonjwa anayesoma ukurasa huu akisubiri kuitwa anaweza kujiuliza kwa nini tarehe za wasomi zimhusu. Zinamhusu kwa hesabu iliyo wazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga wapatao 4.45 kwa kila watu 1,000 ili kukaribia malengo ya afya ya mwaka 2030, na Tanzania iko chini sana ya kiwango hicho. Tangu shule ya udaktari ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, nchi imejitahidi kuwafunza wataalamu wake yenyewe, na vyuo vimeongezeka. Lakini mlango wa ubingwa hufunguliwa mara moja kwa mwaka, na masomo yenyewe huchukua miaka mitatu au zaidi. Daktari aliyekosa kuingia mwaka huu atarudi akiwa bingwa mwaka mmoja baadaye kuliko ilivyowezekana. Katika mwaka huo, akina mama wa wilaya yake wataendelea kupewa rufaa ya kwenda mbali.

Yule mama aliyeokolewa usiku ule hajui kwamba daktari wake alikuwa na fomu ya kuwasilisha. Hakupaswa kujua. Alipaswa kuhudumiwa, na alihudumiwa. Kanuni njema ya udahili ni ile ambayo haitamfanya daktari mwingine, katika usiku kama ule, aitazame saa ya ukutani mara mbili kabla ya kuinuka.